Chumba Namba Nne Chafuata Malisho

Siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, Atiir alikuwa amekaa mbele ya chumba namba nne, mjini Lodwar, akisuka kikapu cha majani ya mkoma. Alikuwa amefika kwenye mstari wa rangi ya zambarau, ule unaohitaji macho, simu ilipolia mara moja ikanyamaza. Simu ikilia mara moja na kunyamaza huwa ni ujumbe. Ujumbe wa Kiingereza husomwa na Lokorio.

Lokorio alikaa chumba namba tano na alikuwa kinyozi wa hapo hapo mlangoni. Asubuhi hiyo kulikuwa na mzee kitini, amenyolewa upande mmoja. Lokorio aliizima mashine, akaipokea simu ya Atiir, akasoma huku midomo ikichezacheza.

"Wanasema nini?" Atiir akauliza.

"Wanasema wanafurahi kukujulisha."

"Na wakishafurahi?"

"Wakishafurahi wanasema kuanzia mwezi huu ile pesa ya nyumba itakuwa nusu."

"Nusu ya pesa ama nusu ya nyumba?"

"Ya pesa, mama. Nyumba haijatajwa."

"Na mimi kichwa changu kimetajwa?" akasema yule mzee. Lokorio akaiwasha mashine.

Ile pesa ya nyumba ilianza mwaka ule mto Turkwel ulipopanda kingo na kuingia kwa watu bila hodi. Nyumba ya Atiir wakati huo ilikuwa ya miti na majani ya mkoma, na alikuwa ameijenga mwenyewe, maana kwa Waturkana nyumba hujengwa na mwanamke na ni mali ya mwanamke. Mwanamume ana mifugo na maneno. Mto haukuivunja. Uliibeba nzima, na mara ya mwisho ilionekana ikielekea ziwani, imenyooka vizuri, sufuria zikiwa ndani. Ndipo mradi ukaja ukaandika majina ya waliopoteza nyumba. Mradi ulisema watu wasijenge tena kando ya mto. Wapange vyumba kwa wenye ploti, na kodi ingetumwa moja kwa moja kwenye simu ya mwenye ploti, ili mpangaji asisumbuke kuiona.

Mwenye ploti wa Atiir alikuwa Mwalimu Reuben, mwalimu mstaafu, aliyekuwa na vyumba sita vya mawe vimepangwa mstari mmoja kama watoto wa darasa la kwanza.

Siku ya kuhamia, Atiir alifanya kosa moja. Alichinja mbuzi mdogo aliyepewa na ndugu yake, akapaka mafuta kwenye miimo ya mlango, akaweka tumbaku kwenye pembe nne, kisha akakiambia chumba maneno ambayo mwanamke huiambia nyumba yake mpya: wewe ni wangu, tutakula pamoja, na siku ya kuhama tutahama pamoja. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Hakuna aliyekuwa amemfundisha maneno ya kukiambia chumba cha kupanga. Basi kwa miaka mitatu chumba namba nne kilikaa pale mstarini kikijua kwamba ni nyumba ya Mturkana. Na nyumba ya Mturkana, malisho yakipungua, haingoji barua.

Jumatano, jua likichomoza, chumba kilisimama. Kiliinua nyuma kwanza, kama ngamia, vyombo vyote vikateleza hadi mlangoni. Halafu kikainua mbele, vyombo vikarudi. Atiir alikuwa anachemsha chai. Aliishika birika kwa kitambaa mpaka mambo yakatulia, na hakumwaga hata tone.

Kilitoka mstarini na kuta zake zote nne. Kule kilikotoka likabaki pengo kama la jino. Lokorio alijikuta amelala kitandani na kuta tatu, akitazamana na Ebenyo wa namba tatu, ambaye pia alikuwa kitandani na kuta tatu. Wawili hao hawakuwa wamesalimiana tangu mwaka uliopita, kwa sababu ya jogoo.

"Ejok," akasema Ebenyo.

"Ejok nooi," akasema Lokorio. Hakukuwa na namna nyingine.

Mwalimu Reuben alifika kwa bodaboda chumba kikiwa kimeshashika lami ya kwenda Kakuma. Kilikuwa kinatembea mwendo wa punda aliyebebeshwa, bila haraka, mlango ukiwa wazi na Atiir amekaa kizingitini na kikapu chake.

"Mama Epuyo! Hiyo chumba unapeleka wapi?"

"Siipeleki, Mwalimu. Inanipeleka."

"Isimamishe!"

"Si unasemaga ni yako? Isimamishe wewe."

Reuben akashuka kwenye pikipiki, akaweka kofia sawa, akaita kwa ile sauti ambayo kwa miaka thelathini ilikuwa imenyamazisha madarasa. "Namba nne!" Chumba hakikugeuka. "Namba nne, rudi kwa mstari!" Lokorio alisema baadaye kwamba vile vyumba vitano vilivyobaki vilijipanga sawa zaidi. Namba nne kiliendelea na safari. Reuben akamlipa mtu wa bodaboda akaanza kufuata kwa miguu, kama mtu yeyote ambaye mnyama wake ametoka zizini.

Atiir alimpigia simu mwanawe Epuyo, aliyekuwa akifanya kazi ya dereva huko Lokichar, ili asije akampelekea unga mahali ambapo hayupo. Epuyo akauliza kama bati limefungwa vizuri, maana njia hiyo ina upepo. Akasema ataleta unga akipata safari.

Chumba kilikuwa na akili ya barabara. Saa sita kilitafuta mti, kikapiga magoti, mbele kwanza, kikakaa mpaka jua lipoe. Kila kilipofika kwenye laga, mto wa msimu, kilisimama kikanusa mchanga, kwa sababu laga kavu inaweza kuwa na maji yanayokuja kutoka milimani bila kukuambia. Kikisharidhika, kilivuka. Nyuma yake ziliachwa alama nne za mraba, na wachungaji walizitazama, wakajua kwamba kuna mtu anahama, wakaendelea na mbuzi wao.

Kwenye kizuizi cha barabara, askari alizunguka chumba mara mbili.

"Hii ni gari ama ni nyumba?"

"Ni chumba, afande," akasema Reuben, akihema.

"Ya watu wangapi?"

"Mmoja. Mimi ni landilodi."

Askari alitafuta taa za nyuma akazikosa. Alifungua kitabu chake cha makosa, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, akakifunga. "Nyumba haziko hapa," akasema. "Lakini mwambie atembee upande wa kushoto." Chumba kilikuwa kimesikia. Kikasogea kushoto.

Siku ya pili viatu vya Reuben vilifungua midomo. Vilikuwa viatu vya ofisini. Atiir akamwonea huruma, akamwita ndani, akampa jerikeni akalie na kikombe cha chai.

"Asante, mama," akasema Reuben. "Ingawa nimekaribishwa kwa nyumba yangu."

"Kama ni yako, mbona hukujua inaenda wapi?"

Reuben akanywa chai. Walipopumzika adhuhuri alijilaza chali sakafuni, na kwa mara ya kwanza tangu achukue kodi ya chumba hicho alikitazama kutoka ndani. Miale minane ya jua ilikuwa imesimama kati ya bati na tumbo lake.

"Hii bati iko na mashimo," akasema.

"Nilikuambia mwaka juzi."

"Uliniambia," Reuben akakubali. "Lakini sikuwa nimelala hapa."

Siku ya tano waliingia Kakuma. Chumba kilipita soko, kikapita matangi ya maji, kikaenda moja kwa moja mpaka kwa Adhel, kikapiga magoti kwenye nafasi iliyokuwa kando ya nyumba yake. Adhel alikuwa mama wa kutoka Sudan Kusini. Aliuza chai pale kambini na kwa miaka mingi alikuwa amenunua vikapu vya Atiir. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya udongo, bati juu, namba ya kambi imeandikwa kwa rangi nyeusi.

"Ya mama, karibu," akasema Adhel. "Umekuja na nyumba?"

"Nyumba imekuja na mimi."

"Malisho ya Lodwar imeisha?"

"Imebaki nusu."

"Hata hapa wamepunguza. Wametugawa makundi. Mimi nimewekwa kundi ya watu wenye kujiweza, sababu walinikuta na birika mbili." Adhel alikigonga chumba ukutani kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayepima tikiti maji. "Na hii ilipata wapi karatasi ya kutoka?"

"Haikuulizwa."

"Yangu ingeulizwa," akasema Adhel, akamimina chai.

Mwalimu Reuben alizunguka mji kuulizia. Aliporudi alikuwa amenuna. Chumba cha ukubwa ule, pale Kakuma, kodi yake ilikuwa nusu kamili ya kodi ya Lodwar. Hakumkasirikia mtu. Alikikasirikia chumba, kwa kuwa kilijua hesabu na hakikuwahi kusomeshwa.

Walikaa wiki mbili. Atiir alisuka vikapu, Adhel alichemsha chai, na Reuben, aliyesema hawezi kuiacha mali yake ugenini, alilala chini ya kibanda cha chai na akaanza kuwasahihisha wateja Kiingereza chao. Kisha simu ya Atiir ikalia, na safari hii haikunyamaza. Alikuwa Sylvia wa mradi, msichana mwenye adabu sana.

"Habari yako, mama. Ijumaa tunakuja kuhakiki nyumba. Lazima tukupate hapo kwa mlango, namba nne, Lodwar. Tusipokupata, mfumo unatoa jina lako."

"Linatolewa kwa muda gani?"

"Kabisa, mama."

Atiir akashukuru, akaweka simu chini. Jambo lilikuwa wazi. Jina likitoka, hakuna nusu wala robo, na Reuben hatakuwa na sababu ya kumwacha ndani, Lodwar wala Kakuma. Angekuwa mtu asiye na nyumba kwa mara ya pili, na mara hii bila mto wa kulaumu.

Alizungumza na chumba. Alikipaka mafuta upya, akakishika mwimo wa mlango, akakieleza pole pole kama mtu anavyomweleza punda mwenye mimba: twende tu Ijumaa, tuonekane, tugeuke. Chumba kilisikiliza na hakikunyanyuka. Reuben akajaribu naye. Alikisomea mkataba wa kodi, kifungu kwa kifungu, kwa sauti. Kikapiga miayo, dirisha likafunguka likajifunga.

"Huwezi kuirudisha nyumba penye ukame," akasema Adhel. "Hata mimi sijui mambo yenu, lakini hiyo najua."

Atiir alifikiri mpaka chai ikapoa. Mama yake alimfundisha pia kwamba nyumba inayokataa kutembea hubebwa kwa vipande. Havibebwi vyote. Unachukua kile ambacho bila hicho nyumba haihesabiki, na vingine vitajua vyenyewe.

"Mwalimu," akasema, "lete bisibisi."

Wakaung'oa mlango. Ulikuwa wa bati, wa rangi ya buluu, na 4 kubwa katikati. Adhel akaweka kiti chake kwenye uwazi uliobaki, akakaa hapo na birika zake mbili kulinda. Atiir na Reuben wakapata lori la mbuzi. Mlango ulisimamishwa katikati ya mbuzi, na njia nzima mbuzi waliuheshimu. Hakuna aliyepita bila kuzunguka.

Kule Lodwar, pengo lilikuwa limepata wenyewe. Lokorio alikuwa amehamishia kiti cha kunyolea katikati, kwa ajili ya mwanga, na Ebenyo alikuwa akikaa hapo siku nzima kumweleza mambo yote ya mwaka mzima ambayo hakuwa amemwambia. Jogoo naye alikuwepo. Waliposikia habari ya uhakiki wakaondoa kiti, wakafagia, wakarudi vitandani mwao kukaa kama kuta.

Reuben akausimamisha mlango kwa mawe mawili. Atiir akapita nyuma yake akaufunga.

Ijumaa saa nne Sylvia akashuka kwenye gari na tableti mkononi. Alipiga picha ile 4. Akabisha. "Hodi!"

"Karibu," akasema Atiir, akafungua.

Sylvia akapangusa viatu, akaingia. Alitazama kulia, Ebenyo akampungia mkono. Alitazama kushoto, Lokorio naye akampungia. Akatazama juu. Kulikuwa na mwewe anazunguka.

"Mlango uko," akasema, akibonyeza. "Unafunga?"

"Unafunga."

Sylvia akaufunga, akaufungua. "Unafunga. Kuta?"

"Huo wa kushoto umesogea kidogo," akasema Atiir. "Lakini uko."

"Uko," Sylvia akakubali. "Paa. Ripoti ya mwisho inasema mashimo manane. Linavuja?"

Atiir hakuwa mtu wa kusema uongo. Akatazama juu tena, na mwewe akatazama chini. "Siku hizi sijaona shimo hata moja."

"Hewa?"

"Hewa iko ya kutosha," akasema Mwalimu Reuben kutoka nje.

Sylvia alisimama ukutani kwa Lokorio, akatembea mpaka ukutani kwa Ebenyo, tableti ikihesabu hatua. Kisha akaingoja ifikirie. Ilipolia, aliisoma mara mbili, na uso wake ukawa wa kweli na wa huruma.

"Mama, mfumo unasema nafasi yako imekuwa mara tatu. Na paa limetengenezwa."

"Hiyo ni nzuri?"

"Ni nzuri sana. Hali yako imeboreka. Kwa hivyo msaada unapungua kidogo. Itakuwa nusu ya ile nusu." Akagusa mkono wa Atiir. "Si mimi, mama. Ni mfumo."

"Najua, mwanangu. Umekula?"

Reuben alifungua mdomo ili aseme kwamba nafasi haijaongezeka, ila chumba hakipo. Halafu akakumbuka kwamba chumba kisipokuwepo hakilipiwi. Alibaki na mdomo wazi kiasi cha nzi wawili, mmoja akiingia na mmoja akitoka, kisha akaufunga.

Sylvia alipotoka aliuvuta mlango taratibu nyuma yake, usigonge.

Mbuzi wa lori la kurudi walikuwa wengine, lakini nao waliuheshimu mlango. Walifika Kakuma Jumamosi. Adhel alikuwa bado kitini kwenye uwazi, lakini sasa alikuwa anatazama upande mwingine, kwa sababu tangu Ijumaa saa tano chumba kilikuwa kimejigeuza. Kilikuwa kimeelekea Lokichoggio. Habari za malisho hufika kabla ya wachungaji.

"Wamesema nini?" akauliza Adhel.

"Nusu ya nusu."

"Sababu?"

"Tumetengeneza paa."

Adhel akatazama yale mashimo manane. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya sukari.

Jumapili walienda kanisani. Baada ya kanisa Mwalimu Reuben alienda sokoni akanunua akala, zile ndala za matairi ambazo wachungaji huvaa, akazijaribu kwa kupiga hatua kumi kwenda na kumi kurudi. Atiir akaurudisha mlango kwenye bawaba, akafunga sufuria kwa kamba, akalaza birika katikati ya blanketi. Walipokuwa wanamaliza, Adhel alikuja na kikombe kitupu.

"Ya mama. Hayo mafuta, yamebaki kidogo?"

"Yamebaki. Na tumbaku pia."

Wakaipaka nyumba ya Adhel miimo yote miwili. Atiir akaiambia yale maneno kwa Kiturkana, Adhel akayarudia kwa Kidinka, ili nyumba isiseme haikuelewa.

Jumatatu, jua likichomoza, chumba namba nne kikainua nyuma, kikainua mbele, kikaanza kuelekea barabarani, Reuben nyuma yake na akala zake mpya. Nyumba ya Adhel nayo ikainua pembe moja. Udongo ukaanguka kidogo. Ikainua pembe ya pili, ikatazama barabara, na Adhel akashika birika zote mbili. Halafu ikasimama hivyo, nusu juu nusu chini, ikakumbuka ile namba nyeusi iliyoandikwa ukutani mwake, ikazishusha pembe zote mbili kwa uangalifu. Ilikuwa Jumatatu. Vibali vya kutoka kambini hutolewa Jumatano.

Chumba namba nne kilikuwa kimeshakanyaga lami. Kikageuka, kikatazama nyuma kwa muda, kikarudi mpaka kwenye alama zake nne, kikapiga magoti kungoja. Atiir akafungua blanketi, akarudisha birika motoni.

Jumatano watu wa vibali walikuwa wameenda semina.